Mchezo wa Kutupa Viatu vya Farasi

Farasi akifanya kazi katika barabara ngumu, kwato zake hulika upesi, kama nyayo za mtu atembeaye siku nyingi juu ya mawe pasipo viatu. Kwa hiyo katika nchi zenye farasi wengi watu humvisha farasi kiatu cha chuma katika kila mguu. Kiatu hicho hakifanani na chetu. Ni kipande cha chuma kilichopindwa mfano wa mwezi mchanga, kimefumba upande wa mbele na upande wa nyuma ki wazi. Mhunzi hukipigilia kwa misumari katika ukwato, naye farasi haoni maumivu, kama vile sisi tusivyoona maumivu tukatapo ncha za kucha zetu. Wengi wetu hatujapata kukiona kitu hiki kwa macho, kwa maana katika sehemu kubwa za Afrika ya Mashariki mbung'o huwaambukiza farasi maradhi ya kuwaua, na mizigo yetu imechukuliwa na punda, na ng'ombe, na vichwa vya mama zetu.

Kiatu kikichakaa hung'olewa, na kipya hutiwa mahali pake. Huko Marekani katika karne ya 19, kila shamba lilikuwa na farasi na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, hata viatu vikuukuu vikawa vingi kama vifuu vya nazi katika pwani yetu. Basi watu wakachomeka kijiti ardhini, wakasimama mbali, wakashindana ni nani awezaye kutupa kiatu hata kikizunguke kijiti kile. Watoto walicheza hivyo nyuma ya nyumba, nao askari walicheza kambini. Walakini mchezo wenyewe haukuwa mpya kabisa. Waingereza walikuwa na mchezo wa zamani wa kutupa pete nzito za chuma katika kitanda cha udongo wa mfinyanzi, na wako wauchezao hata leo. Inadhaniwa kwamba waliohamia Marekani walikwenda na mchezo huo, wakatumia kiatu cha farasi badala ya pete, maana pete hununuliwa na kiatu kikuukuu huokotwa bure.

Jambo la ajabu ni hili. Motokaa na matrekta yalipokuja, farasi walipungua mashambani, lakini mchezo wa viatu vyao haukufa. Mwaka 1914 wachezaji walikutana katika mji wa Kansas City, wakafanya chama na kuandika sheria, ili watu wa mji huu wasiwe na vipimo vyao na watu wa mji ule vyao. Siku hizi viatu vya mashindano havijapata kuvaliwa na farasi hata mmoja. Hufanyizwa kiwandani kwa ajili ya mchezo tu, na kila kimoja chaweza kufika uzito wa ratili 2 na wakia 10, yaani karibu kilo 1 na gramu 190. Mwaka 1989 Rais George H. W. Bush alitengenezewa uwanja wa mchezo huu katika bustani ya nyumba ya marais huko Washington. Lakini kwao hasa ni uani, nyuma ya nyumba ya mtu wa kawaida, jioni kazi zikiisha.

Mtu atazamaye kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba huu ni mchezo wa nguvu. Sivyo. Ni mchezo wa vipimo, na mtu aliyekosea vipimo wakati wa kujenga uwanja ameuharibu mchezo kabla haujaanza.

Kwanza hutafutwa mahali tambarare, urefu wake futi 50 hivi na upana wake futi 10. Uwanja una nguzo mbili fupi za chuma, na yafaa moja iwe upande wa kaskazini na ya pili upande wa kusini. Sababu yake ni jua. Watu hucheza alasiri, na kama nguzo zingewekwa mashariki na magharibi, kila watupapo kuelekea magharibi jua lingewapiga machoni, na mtu aliyefumba macho hatupi vema.

Kila nguzo ni nondo ya mviringo, unene wake inchi 1 na urefu wake inchi 36. Inchi 21 huzikwa, na inchi 15 hubaki juu, kadiri ya chini kidogo ya goti la mtu mzima. Haitoshi kuichomeka tu katika udongo, maana itapigwa na chuma maelfu ya mara, nayo ikilegea hutikisika, na kiatu kilichokuwa kikiingia vizuri hurushwa nje. Kwa hiyo chini yake husimamishwa kwa saruji, au hupigiliwa katika gogo gumu lililozikwa. Kutoka nguzo hata nguzo ni futi 40, yaani mita 12 na sentimita 19. Umbali huu upimwe kwa futi kamba ya fundi. Kamba ya katani haifai kabisa: ikivutwa hurefuka, na ikilowa umande hufupika, hata uwanja uliopimwa asubuhi usilingane na ule uliopimwa adhuhuri.

Kuizunguka kila nguzo huchimbwa shimo la mstatili, upana wake inchi 36, na urefu wake, kwa kufuata njia ya kiatu, inchi 48. Kina cha inchi 8 chatosha. Kando zake hushikwa kwa mbao nene zilizopigwa misumari pembeni. Sasa fundi atajuaje kama pembe za mbao hizo ni sawasawa, wala hazikupotoka? Na apime kutoka pembe moja hata pembe inayoikabili kwa kukingama. Akipata inchi 60 kamili, kazi yake ni njema. Mwanafunzi aliyejifunza hesabu ataona sababu yake upesi: 36 mara 36 ni 1296, na 48 mara 48 ni 2304; ukizijumlisha hupata 3600, nayo ni 60 mara 60. Fundi wengi hutumia hesabu hii kila siku katika kujenga misingi ya nyumba, ingawa wengine wao hawajui kuieleza. Nguzo hukaa katikati ya shimo, inchi 24 toka ubao wa mbele na inchi 24 toka ubao wa nyuma.

Shimo halibaki wazi. Hujazwa kitu laini, kwa maana kiatu kikianguka juu ya ardhi ngumu huruka na kubingirika, na hapo ushindi huwa wa bahati tu. Wengine hutia mchanga, na wengine huchanganya mchanga na unga wa mbao uliotoka katika msumeno. Kilicho bora kuliko vyote ni udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji hata ukawa kama ule wa kufinyangia vyungu. Kiatu kiangukapo ndani yake hukaa pale pale kilipoangukia. Lakini udongo huu unataka kuhudumiwa kila siku, na mwenye nyumba asiyependa kazi hiyo heri atie mchanga.

Liko jambo moja jingine la nguzo, ambalo wageni huliona kuwa kosa la fundi. Nguzo hazisimami wima. Kila moja huinama inchi 3 kuielekea mwenzake, kana kwamba zinasalimiana. Ukishika timazi katika ncha ya nguzo, uzi ukaning'inia, risasi yake huangukia inchi 3 mbele ya shina. Inama hiyo ina maana kubwa. Kiatu huja kwa kasi na kuipiga nguzo. Kama nguzo ingekuwa wima, au kama ingeinama nyuma, kiatu kingeruka juu na kutoka. Lakini nguzo iliyoinama mbele hukirudisha chini, kikateleza mpaka udongoni na kutulia.

Wachezaji husimama wapi? Penye kila mwisho wa uwanja, kando ya shimo, pana mahali pa kusimamia kuume na kushoto. Futi 3 mbele ya nguzo huchorwa mstari, na mtupaji asiuvuke kabla hajakiachilia kiatu. Akiuvuka, kiatu hicho hakihesabiwi. Basi mtu mzima hutupa kiatu chake mbali kadiri ya futi 37 kuifikia nguzo ya pili. Lakini uko na mstari wa pili, futi 10 mbele ya ule wa kwanza. Huo ni wa wanawake, na wa vijana wasiopita miaka 18, na wa wazee waliofika miaka 70. Nguzo hazisogezwi wala viatu havibadilishwi. Husogezwa mtu tu. Mimi naona kwamba hii ndiyo sheria iliyouhifadhi mchezo huu hata ukawa wa jamaa nzima. Katika michezo mingi mtoto humtazama baba yake akicheza. Katika mchezo huu binti wa miaka 11 aweza kushindana na baba yake, akamshinda, wala hakuna atakayesema kwamba baba alimwachia kwa huruma.

Kabla hatujasema habari za kutupa, na tuseme habari za hatari. Kiatu ni chuma cha zaidi ya kilo moja kinachoruka hewani, nacho kikimpata mtu kichwani chaweza kumwua. Kwa hiyo nyuma ya kila shimo, futi 4 hivi toka nguzo, huwekwa ukingo wa mbao wenye kimo cha futi 1 au zaidi, ili kiatu kilichopita kisiende mbali. Watazamaji hukaa mbali na ukingo, wala hawakai nyuma yake. Wachezaji wawili husimama pamoja upande mmoja, na asiyetupa hurudi nyuma ya mwenzake. Hakuna aendaye kuokota kiatu mpaka vyote vinne vimekwisha kutupwa. Watoto wadogo na mbwa ndio wasioijua sheria hii. Basi uwanja uliopo uani hujengewa ua, au huwekwa mbali na mlango wa jiko. Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto wadogo mchezo huu afanye pete za kamba nene badala ya chuma. Shabaha itakuwa ile ile, na kichwa kikipigwa hakitapasuka.

Sasa mtupaji anasimama penye mstari. Ameshika kiatu kwa mkono wa kuume, katika mkono mmoja wa ile mikono miwili ya chuma, kidole gumba juu na vidole vingine chini, kiatu kimelala kama sahani, na mdomo wake ulio wazi unaelekea kushoto. Anaurudisha mkono nyuma kama mpiga kengele ya kanisa, kisha anauleta mbele, akipiga hatua kwa mguu wa kushoto, na mkono ufikapo kimo cha macho anakiachilia. Kiatu hupanda juu kupita kimo cha mtu, kisha hushuka. Katika safari hiyo kinazunguka polepole kama tiara iliyokatika uzi, kwa kufuata upande wa mishale ya saa.

Na hapa ndipo penye siri yote ya mchezo. Mdomo wa kiatu ulianza kwa kuelekea kushoto. Kikifika unapasa kuelekea mbele ili uipokee nguzo. Kutoka kushoto hata mbele ni robo ya mzunguko. Kwa hiyo kiatu hakina budi kuzunguka mara moja na robo, si zaidi wala si pungufu. Kikizunguka mara moja tu, kitafika mdomo ukiwa bado kushoto, nacho kitaipiga nguzo kwa ubavu na kuruka. Kikizunguka mara moja na nusu, mdomo utakuwa kuume, na ubavu wa pili ndio utakaogonga. Wengine huanza na mdomo ukielekea kuume, nao huzungusha mara moja na robo tatu. Hesabu ni tofauti, mwisho ni ule ule. Upana wa mdomo wenyewe ni inchi 3 na nusu tu, na nguzo ina inchi 1. Mkono mwenye nguvu nyingi hausaidii kitu. Unaotakiwa ni mkono unaofanya jambo moja kwa namna moja, leo kama jana.

Kiatu kilichoizunguka nguzo tutakiita pete. Ili kithibitishwe kuwa ni pete, huchukuliwa rula iliyonyoka, ikawekwa penye ncha mbili za kiatu. Rula ikizigusa ncha zote mbili pasipo kuigusa nguzo, kiatu ni pete, na thamani yake alama 3. Kiatu kisicho pete, ila kimeanguka ndani ya inchi 6 toka nguzo, chaweza kupata alama 1. Kilichoiegemea nguzo tu nacho ni alama 1 kwa sheria za chama, ijapokuwa katika nyua nyingi watu hukipa alama 2. Na wapatane juu ya hilo kabla ya kuanza.

Katika kila zamu mchezaji hutupa viatu viwili, kisha mwenzake viwili. Halafu wote wawili huenda pamoja kuhesabu. Hapo huja sheria ya kufutana: pete ya huyu huifuta pete ya yule. Ikiwa kila mmoja amepata pete moja, pete hizo ni kama hazikutupwa, na vile viatu viwili vilivyobaki hutazamwa ni kipi kilicho karibu na nguzo. Ikiwa mmoja amepata pete mbili na mwenzake moja, hubaki pete moja, alama 3. Ikiwa wote wamepata pete mbili mbili, viatu vinne vimepandana juu ya nguzo moja, watazamaji wanapiga makofi, na hakuna aliyepata kitu. Katika zamu moja mtu mmoja tu huandikiwa alama.

Mabingwa huvisha nguzo viatu 8 au 9 katika kila 10, na kwa ajili ya sheria hii michezo yao yaweza kuwa mirefu sana. Mwaka 1965, katika mashindano makubwa ya Marekani, Glen Henton wa jimbo la Iowa alipata pete 175 katika mchezo mmoja. Kama zote zingalihesabiwa zingalikuwa alama 525. Lakini wakati ule mchezo uliishia alama 50. Basi twaweza kufahamu ni pete ngapi zake zilizofutwa na mpinzani wake, na ni uvumilivu gani unaotakiwa kwa mtu anayefanya jambo bora kabisa, akatazama likihesabiwa kuwa si kitu, akarudi mstarini akalifanya tena.

Uani hawafiki huko. Wengi huishia alama 21. Tuseme baba na binti yake wa miaka 11 wamecheza hata jua limekaribia kuchwa. Baba ana alama 20, binti ana 18. Baba anatangulia kutupa. Kiatu chake cha kwanza kinaanguka inchi 5 toka nguzo, cha pili inchi 3. Mambo yakibaki hivyo baba ameshinda. Binti anatupa cha kwanza, kinaanguka mbele ya shimo katika majani. Anakishika cha pili, anapangusa udongo kwa gauni lake (mama yake anamwona kutoka dirishani, ananyamaza), anatupa. Kiatu kinashuka, kinagonga nguzo, kinaizunguka nusu, kinalala kwa upande, na kutoka mstarini hakuna awezaye kujua kama kimeingia au hakikuingia.

Wanakwenda pamoja. Sheria inasema mtu asiguse kiatu chochote kabla hawajakubaliana, kwa maana kiatu kilichosogezwa hakiwezi tena kutoa ushahidi. Baba anapiga magoti penye ubao, anatoa rula, anaiweka polepole penye ncha moja, kisha penye ya pili. Kati ya rula na nguzo pana nafasi ya unene wa ukucha. Pete. Alama 3, na zile inchi 3 za baba hazihesabiwi kitu, kwa kuwa pete ni karibu zaidi kuliko kila kiatu. Binti ana alama 21.

Viatu hung'olewa udongoni, huoshwa, hukaushwa, na hupakwa mafuta kidogo visishike kutu. Udongo wa shimo hupinduliwa kwa jembe, mashimo yaliyochimbwa na viatu hufukiwa, na maji hunyunyizwa juu yake. Kisha gunia lililolowa hutandikwa juu ya kila shimo mpaka jioni ya pili, kwa sababu udongo ukiachwa wazi usiku mmoja wa ukavu hupasuka, na kesho yake viatu vitaruka.